Kijana Hulala Wapi?

Ndugu wasomaji, nataka kuwapa habari za kale na za sasa za nchi yetu ya Ufipa, hasa habari za malezi ya vijana wanaouvuka utoto na kuingia utu uzima. Lakini kwanza sharti niungame jambo langu mwenyewe, mpate kujua sababu ya kuandika.

Mwaka 2015 nilikuwa bado mgeni katika kazi ya ualimu, nikifundisha shule ya sekondari huku bondeni, chini ya Lyamba lya Mfipa, upande wa Milepa. Katika kidato cha pili alikuwamo msichana wa miaka 16, mpole, hodari wa hesabu. Kwao kulikuwa mbali, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, wala hakuweza kwenda na kurudi kila siku kwa miguu. Kwa hiyo alipangiwa chumba karibu na shule pamoja na wenzake wawili, kama wafanyavyo wengi. Baada ya mavuno alionekana kuwa mja mzito. Kanuni ya wakati ule ilijulikana na watu wote, nami nikaagizwa kulifuta jina lake katika daftari la mahudhurio. Nikatwaa wino mwekundu nikapiga mstari. Kazi hiyo haikunichukua hata dakika moja. Yule mwanamume aliyempa mimba hakuwa na jina katika daftari lo lote. Alikuja kwa vibarua vya mavuno, naye alikuwa amekwisha ondoka.

Siku ya tatu baba yake akaja shuleni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, akaketi, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, sikuja kugombana. Nataka kuuliza neno moja tu. Mwanangu alikuwa akilala wapi?" Kodi ya chumba ndiye aliyeilipa, na kijiji alikijua, lakini nyumba yenyewe hakuwahi kuiona. Nami nilikuwa nimemfundisha mtoto yule mwaka mzima na zaidi, nikazijua alama zake zote, lakini mlango wa nyumba yake sikuujua. Basi tulikaa wawili, baba na mwalimu, na hapana aliyeweza kumjibu mwenzake.

Swali lile halikuniacha. Nimelichukua moyoni miaka yote hii, nikasoma vitabu na kuwauliza wazee, na leo nataka kuwaonyesha ya kuwa si swali la mzee mmoja tu. Ndilo swali la historia yetu.

Nyumba za zamani

Kathleen Smythe, mwanamke mwanahistoria wa Marekani, aliwasikiliza wazee wa Nkansi, huko juu uwandani, wakimsimulia habari za maisha yao. Mwaka 2006 alitoa kitabu juu ya jamaa za Wafipa, uzazi na kuingia kwa Ukatoliki, tangu mwaka 1880 hata 1960. Neno moja kubwa katika habari zake ni hili: kwa Wafipa mahali alipolala mtoto palikuwa sehemu ya mafunzo yake. Mtoto alipopata akili hakuendelea kulala katika nyumba ya baba na mama. Alikwenda kulala kwa babu na bibi, na alipozidi kukua alilala pamoja na marika zake katika nyumba ya vijana, iitwayo intuli.

Mgeni angeweza kudhani ya kuwa watoto wale walitupwa. La, sivyo. Katika desturi zetu baba na binti yake, au mama na mwanawe, wana haya kati yao. Mambo ya mwili hayasemwi mbele yao. Lakini bibi na babu huweza kutaniana na wajukuu wao pasipo kuvunja heshima. Basi yale ambayo mzazi hakuweza kuyatamka, bibi aliyatamka akicheka, kwa hadithi na vitendawili, jioni moto ukiwaka. Na nyumba za vijana zilikuwa ndani ya kijiji, karibu na wazee. Aliyetoka usiku alionekana, na aliyeingia alionekana.

Wala mtu asidhani ya kuwa kujizuia lilikuwa fundisho la wasichana peke yao. Ufipa ilisifika zamani kwa chuma. Hata leo matanuru ya udongo, marefu kupita kimo cha mtu, yangali yamesimama mahali mahali. Wataalamu walioziandika desturi za mafundi wale wasema ya kuwa tanuru lilitendewa kama bibi arusi, na kuyeyuka kwa chuma kulifananishwa na kuzaa. Na mafundi, ambao wote walikuwa wanaume, iliwapasa kujitenga na wanawake siku za kazi hiyo. Kijana aliyetaka jembe alijua ya kuwa jembe halipatikani ila kwa watu waliojitawala miili yao. Hilo lilikuwa somo kwa wavulana, tena somo la kuonekana kwa macho.

Lakini tusiyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Binti alihesabiwa kuwa hazina ya ukoo. Ndoa yake ilikuwa mapatano ya jamaa mbili, na neno lake mwenyewe lilikuwa dogo katika mapatano hayo. Tumbo lake lilikuwa ahadi kwa ukoo wa mumewe, na asiyezaa alipata aibu, hata kama kasoro ilikuwa ya mume. Nyumba ya bibi ilimlinda msichana, lakini haikumwuliza anataka nini.

Bweni la misheni

Mwaka 1879 Wabelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika walijenga boma huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 boma hilo likapokewa na Mapadre Weupe, na tangu hapo habari za Ukristo zikaenea katika Ufipa. Askofu Adolphe Lechaptois aliongoza kazi hiyo tangu 1891 hata alipofariki mwaka 1917. Mapadre wakawakusanya watoto, wengine yatima, wengine waliokombolewa katika utumwa, wakajenga shule na mabweni.

Hapa mwanahistoria yule atoa neno la busara. Katika nchi nyingine wazazi walistaajabu sana kuona watoto wao wakichukuliwa kulala mbali. Lakini Wafipa walikwisha zoea ya kuwa mtoto anayekua hulala nje ya nyumba ya wazazi. Bweni lilikuwa kama intuli mpya. Tofauti ni kwamba aliyekuwa mlangoni sasa si bibi, bali padre au sista.

Na tofauti hiyo ilizaa mambo makubwa, hasa kwa wasichana. Likaanzishwa shirika la masista Waafrika, na mabinti wa Kifipa wakataka kuingia. Fikirini, ndugu wasomaji, lilikuwa jambo gani zamani zile binti kusimama mbele ya baba zake na wajomba zake akasema, "Mimi sitaolewa." Smythe ameandika maisha ya masista wawili Wafipa, na swali lililowapata ndugu zao lilikuwa hili: je, huyu ni mtoto wa ukoo au mtoto wa mapadre? Watu waliona ya kuwa ukoo umenyang'anywa watoto ambao wangezaliwa. Lakini watu hao hao, baada ya miaka, waliwaona masista wakifundisha na kuuguza wagonjwa, wakajua ya kuwa mwanamke aweza kuujenga ukoo kwa njia nyingine kuliko tumbo lake. Nadhani hapo ndipo mawazo ya watu wa Ufipa juu ya mwanamke yalipoanza kugeuka, wala si juzi kama wengine wasemavyo.

Tena ndoa ya Kikristo ilidai ridhaa ya wote wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja kwa kinywa chake. Hilo nalo lilikuwa jambo jipya. Hata hivyo kipimo cha umri hakikuwa sawa. Sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1917 ilipandisha umri wa ndoa, mvulana toka miaka 14 hata 16, msichana toka 12 hata 14. Tazameni, hata pale palipotengenezwa, msichana aliachwa nyuma miaka miwili.

Na kuna kitu kimoja kilichopotea njiani. Bweni lilikuwa na ratiba: kuamka, sala, masomo, kazi ya bustani, kulala. Amri za Mungu zilifundishwa barabara. Lakini maongezi ya bibi hayakuwa na kipindi chake katika ratiba ile. Msichana aliyeona damu kwa mara ya kwanza alijua ya kuwa uzinzi ni dhambi, lakini pengine hakuambiwa ni nini kilichompata. Kusini, katika nchi ya Masasi, wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walijaribu njia nyingine. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu huko tangu 1926 hata 1944, hakulivunja jando. Alilitia sala na mafundisho ya Kikristo, wavulana wakafundwa chini ya Kanisa. Kwa mafunzo ya wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana yalikuwa mikononi mwa wanawake watu wazima, na wamisionari wanaume hawakuweza kuingia. Basi hata huko walikojaribu, nusu ya vijana ilikuwa taabu kuifikia.

Wakati huo huo kodi ya serikali iliwatoa wanaume vijijini. Vijana wa Ufipa walikwenda mashamba ya mkonge, na wengine machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, yaliyositawi katika miaka ya 1930. Huko walilala katika kambi za wanaume watupu, mbali na babu na mbali na padre. Waliporudi walikuwa na nguo na fedha, na kijana mwenye fedha hataki tena kufundishwa na mzee asiye nazo.

Ujana mrefu

Baada ya Uhuru jambo kubwa kupita yote lilikuwa shule. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto asome shule ya msingi, na mwaka 1977 agizo hilo likatimizwa nchi nzima. Ada za shule za msingi zikaondolewa mwaka 2001, na tangu Januari 2016 ada za sekondari za serikali zikaondolewa hata kidato cha nne. Zikajengwa sekondari za kata, na binti wa mkulima wa Milepa akapata nafasi ambayo mama yake hakuiota.

Lakini angalieni lililotokea pamoja na neema hiyo. Zamani, tangu msichana alipobalehe hata alipoolewa, ilipita miaka michache. Sasa anabalehe ana miaka 13 au 14, naye anatumainiwa kuwa shuleni hata miaka 18, pengine 20 na zaidi. Hayupo tena mtoto, wala si mke wa mtu. Miaka hiyo ni kipande kipya cha maisha ambacho babu zetu hawakukijua. Tumeurefusha ujana, lakini hatukuujengea nyumba.

Nyumba ya bibi? Bibi yuko kijijini, na shule iko mbali. Bweni? Sekondari nyingi za kata zilianza bila mabweni. Basi kikapatikana chumba cha kupanga, ambacho vijana wenyewe hukiita geto. Godoro moja, ndoo, jiko la mkaa, madaftari. Watoto watatu wa miaka 15, na unga uliotumwa toka nyumbani unakwisha kabla ya mwezi kwisha. Ndipo mtu mwenye pikipiki au mwenye duka huja na kusema, "Dada, nikusaidie?" Yule babu wa kambi za mkonge angalijua mara moja mwisho wa habari hiyo.

Na mwisho wake una hesabu. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2015 na 2016, katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hata 19, 27 walikuwa wamekwisha zaa au wana mimba. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 hesabu hiyo ilishuka hata 22. Tushukuru kwa hilo. Lakini katika mkoa wa Songwe, jirani zetu wa kusini, ilikuwa 45. Wala si hesabu ya aibu tu. Ni hesabu ya mauti pia. Waganga wasema ya kuwa mama aliye bado kijana huelekea zaidi kupata kifafa cha mimba na homa ya uzazi kuliko mwanamke aliyepita miaka 20, na mtoto wake huzaliwa mara nyingi na uzito mdogo. Wako wasichana waliokaa siku mbili tatu katika uchungu, nyonga zao hazijapanuka, wakaokoka wenyewe bila mtoto, nao wakabaki na fistula, mkojo ukiwatoka bila kuzuilika, hata watu wakawakimbia. Ugonjwa huo hutibika kwa upasuaji. Ni heri kila mzazi alijue hilo, maana wengi huficha wagonjwa wao ndani bure.

Vipimo viwili

Sasa tuitazame sheria, maana sheria nayo ni kioo cha mawazo ya watu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa mwanamume kuwa miaka 18, na wa mwanamke miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 1998 ilitungwa sheria ya makosa ya kujamiiana, iliyosema ya kuwa kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, isipokuwa akiwa ni mke wa mtu huyo mwenye miaka 15 au zaidi. Yaani tendo lile lile lilikuwa jela au harusi, kwa kadiri mahari ilivyolipwa au haikulipwa. Mwaka 2009 Sheria ya Mtoto ikasema ya kuwa kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikaongezwa kifungo cha miaka 30 kwa mtu ampaye mwanafunzi mimba.

Mwaka huo huo wa 2016, tarehe 8 Julai, Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika shauri lililoletwa na mwanamke kijana mwanasheria, Rebeca Gyumi. Ikasema ya kuwa vifungu vya sheria ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba, kwa kuwa vinampima msichana kwa kipimo kingine. Serikali ikakata rufani, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu ile. Baba zetu wangestaajabu kusikia ya kuwa binti mmoja alisimama mbele ya majaji kusema habari za mabinti wote. Lakini wale masista wa kwanza wa Karema, nadhani, wasingalistaajabu.

Shuleni nako kulikuwa na vipimo viwili. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa juu ya maadili. Neno mimba halikuandikwa humo, lakini sisi walimu tulizisoma kana kwamba limeandikwa, tena limeandikwa kwa wasichana peke yao. Kosa la watu wawili likawa na adhabu ya mtu mmoja. Zanzibar waliruhusu wazazi wasichana kurudi shuleni tangu mwaka 2010, lakini huku bara mlango ulibaki umefungwa. Mwezi wa Juni 2017 Rais Magufuli, sasa ni marehemu, alisema huko Chalinze ya kuwa mwenye mimba hatarudi. Hata tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza ya kuwa wanafunzi walioacha masomo kwa sababu ya uzazi wataruhusiwa kurudi. Nilipolisikia tangazo hilo redioni niliukumbuka wino wangu mwekundu, moyo ukaniuma.

Je, kufundisha darasani kwatosha?

Wengine watasema, "Mwalimu, kazi hiyo ni yenu. Fundisheni darasani, watoto watajua." Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipoisoma habari ya Mwanza.

Tangu mwaka 1998 hata 2002 watafiti wa Tanzania na Uingereza walifanya kazi kubwa huko Mwanza, iliyoitwa MEMA kwa Vijana. Walichagua jumuiya 20 za vijijini. Katika 10 walimu wa shule za msingi walifundishwa kutoa masomo ya afya ya uzazi kwa darasa la tano, la sita na la saba, na wauguzi wa zahanati wakafundishwa kuwapokea vijana kwa upole. Zile 10 nyingine zikaachwa kama zilivyo, ili zilinganishwe. Wakawafuata vijana zaidi ya 9,000 kwa muda wa miaka mitatu. Matokeo yake yalikuwaje? Ujuzi wa vijana uliongezeka. Majibu yao yalikuwa mazuri. Lakini walipopimwa damu, na mimba zilipohesabiwa, Ukimwi haukupungua, wala magonjwa mengine ya zinaa, wala mimba, kwa kadiri ya kuonekana wazi. Walipopimwa tena mwaka 2007 na 2008, hali ilikuwa vile vile.

Kwa nini? Watafiti waliokaa vijijini pamoja na vijana hao waliona ya kuwa masomo ya darasani yaligongana na masomo ya njiani. Msichana aliambiwa ajitunze, lakini pia alifundishwa na marika ya kuwa zawadi ya mwanamume ni heshima kwake. Mvulana aliambiwa angoje, lakini mwenye wasichana wengi ndiye aliyesifiwa na wenzake, na pengine na wanaume wazima. Mwalimu ana dakika 40. Ulimwengu una usiku kucha.

Wala nisieleweke vibaya: watafiti hao hawakusema ya kuwa kufundisha ni bure. Kijana asiyejua mwili wake ni kipofu. Ila kujua hakumsimamishi mtu peke yake. Ahitaji na watu wa kusimama naye. Hayo mawili yalikuwa pamoja katika nyumba ya bibi. Sisi tumechukua moja tukaliweka darasani, la pili tukaliacha barabarani.

Mithali yasema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Naiheshimu mithali hiyo, lakini nauliza: mbona yamtaja mama peke yake? Baba yuko wapi? Mafundi wa matanuru walikuwa wanaume, wakawafundisha wavulana kujitawala bila kungoja mwanamke aseme. Siku hizi tumemwachia mama kazi ya kumwonya binti, na mvulana hatumwonyi kabisa, twamcheka tu na kusema, "Amekua." Huko kukua kwake ndiko kulikofuta jina la binti ya mwenzetu.

Mwisho wa habari

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2022 nilikwenda kumtafuta yule mwanafunzi wangu, nimwambie ya kuwa mlango umefunguliwa. Nilimkuta si kwa baba yake, bali karibu na shule, katika nyumba ndogo ya matofali aliyojengewa na mzee. Alikuwa auza mchele, na mtoto wake wa miaka sita alikuwa aandika mchangani kwa kijiti. Nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Mwalimu, ulikuwa kijana nawe." Kurudi kidato cha pili hakutaka, asema umri umempita, labda atajaribu masomo ya watu wazima.

Tulipokuwa tukizungumza wakaingia wasichana wawili wenye sare za shule, wakamwamkia, "Shikamoo, dada," wakaweka madaftari yao ndani. Nikauliza ni nani. Akasema ni watoto wa kijiji cha kwao. Walikuwa wamepanga geto, naye akawaendea wazazi wao akawaambia walale kwake, wamletee unga tu. "Saa mbili usiku nafunga mlango," akasema. "Na kabla ya kulala twaongea. Nawaambia yote, Mwalimu, hata yale ambayo mimi sikuambiwa." Baba yake hupita kila juma kuwatazama. Yule mzee aliyeniuliza swali sasa aujua mlango.

Ndugu zangu, binti yule hakusoma historia ya Nkansi, lakini ameijenga upya intuli kwa matofali yake mwenyewe. Mabweni tuyadai kwa serikali na kwa Kanisa, maana ni haki ya watoto. Lakini kabla bweni halijajengwa, kila baba na mama mwenye mtoto sekondari aende mwezi huu huu akaione nyumba anamolala mtoto wake, wa kike na wa kiume vile vile; ajue jirani ni nani, na nani afungaye mlango. Asiye na mtoto lakini ana nyumba karibu na shule, afikiri kama hana kona moja ya kumpa mtoto wa mwenzake. Nasi walimu, tunapoita majina asubuhi, tuulize pia habari za usiku.

Mimi siku hizi nina daftari la pili, ambalo halikuagizwa na mtu. Upande mmoja nimeandika majina ya wanafunzi wangu. Upande wa pili nimeandika kila mmoja alala wapi. Bado yako majina ambayo upande wa pili ni mtupu. Hayo ndiyo niyaendeayo jioni, baada ya masomo.